Kurasa Mbili za Mzee Nukta

Siku ile Mzee Nukta alifika kazini kabla ya mwenye funguo, akasimama mlangoni na mkoba kwapani kama mwanafunzi siku ya mtihani. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata mstari wa mkono ungeweza kukata karatasi, na ndani ya mkoba hamkuwa na kitu ila daftari moja la jalada gumu. Humo alikuwa ameandika kila neno la madarasa yake ya kompyuta, miezi saba ya jioni, tena kwa mwandiko ambao mwalimu mwenyewe, mtu wa kuzaliwa juzi, aliomba ruhusa ya kuupiga picha.

Mpwa wake, binti wa dada yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha uchapaji. Alipofika na funguo akamkuta hapo, alicheka.

"Shikamoo, Mjomba. Umelala hapa?"

"Marahaba. Nimelala kwangu. Usingizi ndio uliokwenda kulala kwa jirani."

"Kwa sababu ya yaliyomo?"

"Kwa sababu ya yaliyomo," alijibu, na hakuona haya hata kidogo.

Watu wengi wakinunua kitabu huruka ukurasa wa yaliyomo kama wanavyoruka kizingiti. Mzee Nukta hakuwa mmoja wao. Zamani, herufi zilipokuwa vipande vya risasi vinavyopangwa kwa vidole, yeye ndiye aliyepewa kurasa hizo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya zile nukta zinazotoka kwenye jina la sura mpaka kwenye namba ya ukurasa. Alizipanga moja moja, akizihesabu kimoyomoyo, na mistari yake ilinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Jina likamganda. Siku hizi hata mke wake alimwita Nukta, na pale kiwandani wapo waliodhani ndilo aliloandikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Lakini mtu huyo wa yaliyomo alikuwa na doa moja, nalo lilikuwa kwenye yaliyomo.

Miaka thelathini nyuma alipanga mwongozo wa wakunga, kazi ya mkunga mmoja aliyekuwa amezalisha nusu ya mji ule. Kitabu kilitoka kizuri. Wiki tatu baadaye Mkunga alikuja kiwandani akiwa bado na sare, akakiweka mezani na kumwambia neno kwa neno kilichotokea. Usiku wa jana yake mama mmoja alikuwa akitokwa damu baada ya kujifungua. Msaidizi alifungua yaliyomo, akaona "Damu kutoka kwa wingi, 74," akakimbilia ukurasa wa sabini na nne, na hapo akakuta namna ya kumwogesha mtoto. Mkunga alitupa kitabu pembeni akatumia kichwa chake. Mama alipona. Lakini Mkunga hakupona lile jambo.

Sababu ilikuwa ndogo, na ndiyo maana ilimuuma aliyepanga. Mzee Nukta alikuwa ametenga kurasa mbili kwa ajili ya yaliyomo. Alipomaliza kuyapanga yakala nne. Kitabu kizima kikasogea mbele kurasa mbili, na yeye, aliyehesabu kila nukta, hakukumbuka kuzihesabu kurasa za yaliyomo yenyewe.

Sasa Mkunga alikuwa amestaafu, ameandika kitabu upya, sura thelathini na moja, na mpwa alikuwa amempigia magoti mpaka akakubali kukirudisha pale. Alikubali kwa sharti. Katika toleo la kwanza, nyuma kabisa, paliandikwa kwa herufi ndogo jina la aliyepanga. Safari hii aliliondoa. Na alisema atakuja mwenyewe kuangalia yaliyomo kabla ya kitabu kupanda mashineni. Akikuta namba moja tu imekosewa, anabeba kitabu chake anavuka barabara, maana ng'ambo kule kuna kiwanda kingine chenye mashine kubwa na watu wasiomjua.

Mzee Nukta hakuomba jina lake lirudi. Alikuwa na kiburi chake. Lakini kila akifungua ule ukurasa wa mwisho kwenye kompyuta, macho yake yalikwenda moja kwa moja pale palipokuwa patupu.

Saa nne kamili Mkunga aliingia. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama mtu anayeitwa haraka chumba cha pili. Mkononi alikuwa na flashi.

"Shikamoo, Bibi Mkunga," Mzee Nukta alisema akisimama.

"Marahaba, Fundi. Naona bado uko hai."

"Nakusubiri wewe unipe ruhusa."

"Basi kaa kidogo. Nimeleta sura mpya, ya mtoto asiyelia anapozaliwa. Iingie katikati, kabla ya ile ya damu."

Mpwa, aliyekuwa akimimina chai, alisimama na birika hewani. "Bibi, pleti za kuchapia zinatengenezwa saa kumi leo. Umetuambia sura thelathini na moja."

"Hiyo ndiyo ya thelathini na moja. Mlizonazo ni thelathini, hesabuni. Nilikuwa bado naiandika."

Kule kwenye mashine, fundi waliyemwita Ngurumo, kwa kuwa hata mashine ikizimwa yeye aliendelea kusema kwa sauti ya kuishinda, aliinua kichwa. "Kurasa zikiongezeka, namba zote za nyuma zinahama," alisema, na mtaa mzima ukasikia. "Mzee Nukta, leo utahesabu mpaka vidole viishe."

Hapo ndipo Mzee Nukta alipofanya jambo alilolisubiri kwa miezi saba. Aliketi, akaufungua mkoba, akaweka daftari mezani bila kulifungua, akasema polepole, "Sitagusa namba hata moja. Humu kompyutani zitajiandika zenyewe."

"Zenyewe," alisema Mkunga.

"Zenyewe, Bibi. Kila kichwa cha sura nimekivalisha mtindo wake, kama sare. Vichwa vidogo navyo vina sare yao. Nikiiamuru programu, inapita kitabu kizima, inamkamata kila aliyevaa sare, inaandika jina lake na ukurasa anakokaa. Nukta nazo inazimwaga yenyewe mpaka ukingoni."

"Na asiyevaa sare?"

"Anapitwa."

Mkunga alivuta kiti akaketi nyuma yake, mikono mapajani. "Haya. Kamata."

Sura mpya iliingia vizuri. Ilikuwa kurasa sita. Mzee Nukta aliipanga kama alivyopanga zile thelathini kwa majuma matano, kichwa kikubwa, vichwa vidogo, aya zote mahali pake, na ilipofika saa sita na nusu alinyoosha mgongo. Wapiga chapa wawili walikuwa wameacha kazi zao na kusogea. Ngurumo alikuja akifuta mikono. Mpwa hakuwafukuza.

Mzee Nukta alikwenda kwenye kurasa nne alizoziacha wazi mwanzoni, akachagua mitindo yake miwili, akabonyeza.

Kiwambo cha kompyuta kilipepesa mara moja, kisha yaliyomo yakamwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililotoboka. Nukta zilikimbia mpaka ukingoni, namba zikajipanga chini ya namba, na kwa muda wa kupepesa jicho Mzee Nukta aliona kazi ya siku mbili za ujana wake ikifanyika mbele yake. Akataka kucheka kwa furaha.

Kisha akasoma.

Juu kabisa palikuwa na mstari usio na jina. Nukta tupu, na mwisho wake namba tisa. Chini yake mwingine, nukta tupu, tisa tena. Ndipo likaja jina la sura ya kwanza. Kabla ya sura ya pili, mistari miwili isiyo na jina. Kabla ya tatu, miwili. Na majina marefu yalikuwa yamekatika: mstari mmoja ulisema "Kumwandaa mama kabla ya," nukta, ukurasa; na uliofuata ukasema "uchungu kuanza," nukta, ukurasa ule ule. Yaliyomo yalikuwa yamejaza kurasa nne.

Ngurumo alisogeza kichwa karibu na kiwambo. "Hao wasio na majina ni akina nani? Umepanga mizimu, Mzee?"

Mmoja wa wapiga chapa alikohoa ili asicheke.

"Mjomba," mpwa alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko kicheko, "nawaita wasichana wawili. Tunayaandika kwa mkono. Saa tatu zinatosha."

"Hazitoshi, na tutakosea."

"Mjomba."

"Mwanangu, nipe nusu saa. Nusu saa ikipita, waite hata kumi."

Mpwa aliangalia saa ya ukutani, kisha akamwangalia Mkunga. Mkunga aliegemea kiti. Alikuwa amesubiri watoto wa watu wengi. Nusu saa kwake haikuwa kitu.

Mzee Nukta alifungua daftari. Akajifanya anatafuta miwani ambayo ilikuwa usoni. Mwalimu alikuwa amewapa vijitabu vya mazoezi vya kurasa kumi na mbili, safi, na humo hapakutokea mizimu. Kosa basi halikuwa la programu. Lilikuwa lake. Alipofikia hapo, badala ya kuvunjika moyo alipata nguvu, maana kosa lako mwenyewe unajua linakolala.

Kwenye ukurasa wa arobaini wa daftari alikuta mstari aliouwekea alama mbili: *Ukipotea, onyesha alama zilizofichwa.* Akarudi kwenye sura ya kwanza, akabonyeza. Kiwambo kikajaa vijialama vidogo vya buluu, kimoja kila palipobonyezwa enta, kitufe cha kushusha mstari. Na juu ya kichwa cha sura, mahali palipoonekana peupe kabisa, vilisimama viwili, kimoja juu ya kingine.

"Ah," alisema.

"Ah nini?" Mkunga aliuliza.

"Ni mimi." Alianza kucheka taratibu. "Ni mkono wangu wa zamani. Bibi, kwenye risasi, ukitaka kichwa kishuke kidogo, unaweka vipande vitupu juu yake. Vipande hivyo ni vifupi kuliko herufi, havigusi wino, havichapi. Ni bubu. Basi mimi kila sura nimebonyeza enta mara mbili ili kichwa kishuke. Ila humu hakuna bubu. Nafasi tupu nayo imevaa sare, na kompyuta imeikamata."

"Na yale majina yaliyokatwa?"

"Kichwa kikiwa kirefu nilikikata kwa enta, kama nilivyokuwa nakata mstari. Kompyuta ikadhani ni watu wawili."

Mkunga aliinama mbele mpaka Mzee Nukta akasikia harufu ya sabuni yake. "Zipo ngapi nafasi hizo?"

"Sura thelathini na moja, mbili mbili. Sitini na mbili."

"Utazifuta moja moja?"

"La. Kuna tafuta na badilisha." Maneno hayo aliyatamka kama mtu anayetaja jina la mwanawe aliyefaulu.

Kwanza aliufungua mtindo wa kichwa cha sura na kuuambia ujishushe wenyewe, milimita kumi na tano kutoka juu, ili vichwa visipande hewani enta zikiondoka. Kisha akaiamuru programu itafute kila enta tupu iliyovaa sare ya kichwa. Ikauliza kama ibadilishe zote. Akageuka akawaangalia waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, akabonyeza. Kijisanduku kikajibu kwamba vitu sitini na viwili vimebadilishwa.

"Sitini na mbili," alinong'ona Ngurumo, na huko kunong'ona kwake kulisikika mpaka ghalani. "Hesabu imekubali."

Vichwa virefu vilikuwa kumi na kimoja tu. Hivyo alivishona kwa mkono, akivipenda. Kisha akarudi kwenye yaliyomo, akabonyeza kitufe cha kuyasasisha.

Mizimu ikatoweka. Yaliyokuwa kurasa nne yakajikusanya, yakapanda, yakakaa kwenye kurasa mbili. Majina yote yalikuwa mazima. Nukta zilisimama chini ya nukta kutoka juu mpaka chini, hakuna iliyotoka mstarini, na Mzee Nukta aliyeharibu macho yake kwa kuzinyoosha alizifuata kwa kidole hadi ya mwisho. Alitoa kitambaa akajifuta kipaji cha uso.

"Mjomba," alisema mpwa, na safari hii hakukuwa na upole wowote kwenye sauti yake, ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kurukaruka na anajizuia kwa sababu ni bosi. "Dakika ishirini na mbili."

Basi kila mtu akawa na haraka nzuri. Kurasa mbili zilizobaki tupu baada ya yaliyomo zilionekana vibaya, Mzee Nukta akaziondoa. Mpwa akawasha printa. Kitabu chote kikaanza kutoka kwenye karatasi za kawaida, ukurasa baada ya ukurasa, bado zina joto, na wapiga chapa wakazipokea kama mikate. Saa nane na nusu mpwa akaweka bunda zima mbele ya Mkunga, yaliyomo juu.

Mkunga alivaa miwani. Hakuangalia nukta, wala hakusifu chochote. Kidole chake kilishuka moja kwa moja kwenye mstari aliokuja kuutafuta.

"Damu kutoka kwa wingi," alisoma. "Mia moja na kumi na nane."

Akaanza kufunua. Alifika mia moja na kumi na nane, akasimama. Akarudisha karatasi moja. Akanyanyua uso, na uso huo Mzee Nukta alikuwa ameuona mara moja tu maishani, miaka thelathini nyuma.

"Fundi," alisema, "sura inaanza mia moja na kumi na sita."

Mpwa alifumba macho. Mkunga aliweka kiganja juu ya bunda, kama mtu anayejiandaa kulibeba.

Mzee Nukta aliziweka namba hizo mbili sambamba kichwani. Kumi na nane, kumi na sita. Akarudia kimoyomoyo. Kumi na nane, kumi na sita. Kisha ghafla masikio yakamwaka moto.

"Mbili," alisema.

"Mbili nini?"

"Tofauti ni mbili. Bibi, ni zile zile mbili. Nazijua hizo, nimekaa nazo miaka thelathini kwenye mto wa kulalia." Alikuwa ameshasimama, na alikuwa akiongea kwa kasi ambayo pale kiwandani hawakuwahi kuisikia. "Zamani yaliyomo yaliongezeka kurasa mbili, nami sikuhesabu. Leo yamepungua mbili. Yalipokuwa yakiandika namba, zile kurasa tupu bado zilikuwepo. Nikaziondoa baadaye, kitabu kikarudi nyuma, na sikuyaambia yaliyomo. Ukurasa wowote utakaofunua utakuta mbili. Fungua mwingine, tafadhali, usinihurumie."

Mkunga alimtazama. Kisha akashusha kidole. "Mapacha. Mia mbili na nne." Akafunua. "Mia mbili na mbili."

"Mwingine."

"Kunyonyesha, mia mbili arobaini." Akafunua. "Thelathini na nane."

"Ni mbili mpaka mwisho," alisema Mzee Nukta. "Zamani ingenigharimu siku mbili na pengine ningekosea tena. Sasa tazama." Hakuketi. Aliinama juu ya meza, akaweka mshale kwenye yaliyomo, akabonyeza kusasisha, mara moja.

Safari hii hakuna kilichomwagika wala kujikunja. Majina hayakutikisika, nukta hazikutikisika. Ila namba zote za ukingoni, kutoka juu mpaka chini, ziligeuka kwa pamoja, kama ndege wanaogeuka angani. Mia moja na kumi na nane ikawa mia moja na kumi na sita.

Ngurumo alipiga kofi moja kwenye paja, akaona aibu, akajifuta suruali.

Mpwa alichapa upya zile kurasa mbili tu. Mkunga alizipokea, akatoa kalamu, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Hakuchagua sehemu kumi kama walivyotarajia. Alikwenda mstari kwa mstari, sura zote thelathini na moja na vichwa vidogo vyake, akifunua na kutia alama. Alitumia karibu saa nzima. Chai ilipoa mbele yake. Mzee Nukta alisimama muda wote huo mikono nyuma, na kila alama ya kalamu aliihisi mbavuni. Hakwenda chooni, ingawa alihitaji.

Saa tisa na dakika thelathini na tano Mkunga aliweka alama ya mwisho.

"Zote," alisema.

Mpwa alishachukua simu kuwaambia watu wa pleti. Wapiga chapa walikuwa wanapeana mikono kama watu waliopata mtoto. Lakini Mkunga alikuwa bado ameshika kalamu. Alilipindua bunda lote, akachukua karatasi ya chini kabisa, ukurasa wa mwisho, pale palipokuwa patupu. Akaandika kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza kadi za wazazi, herufi kubwa, zinazosomeka: *Yaliyomo yamepangwa na Mzee Nukta.* Akamsogezea.

"Au una jina jingine?"

Mzee Nukta alisoma mara mbili. Alikuwa na jina jingine, jina refu la babu yake, nalo lilikuwa zuri. Alifikiri kidogo.

"Hilo linatosha," alisema. "Ndilo linalojua kazi."

"Sasa niambie ukweli, Fundi. Ukiongeza mstari huo, namba zitahama tena?"

"Huo uko mwisho, Bibi. Hauna wa kumsukuma."

Aliketi akauandika, kwa herufi ndogo za kawaida, bila sare yoyote. Kisha akarudi mwanzo wa kitabu, na kwa kuwa sasa alijijua, akabonyeza kusasisha mara moja zaidi. Wote wakainama pamoja naye kuangalia namba. Hakuna hata moja iliyosogea.